Presha ilishuka, utando wa mishipa haukupona: uchambuzi wa kisa

Mwanaume wa miaka 51 alirudi kliniki akiwa na presha ya 168/102. Miezi mitano nyuma faili lake lilionyesha 134/82, akitumia atenololi (dawa inayopunguza mapigo ya moyo) miligramu 50 kwa siku pamoja na kidonge cha kupunguza maji mwilini cha kundi la thiazidi. Hakuwa ameishiwa dawa. Aliziacha kwa makusudi, zote mbili kwa siku moja, na sababu aliitoa baada ya kuulizwa mara ya pili: "Daktari, hizi dawa zimenimaliza. Mimi na mama watoto sasa tunalala kama ndugu."

Mgonjwa huyu si mtu mmoja anayeweza kutambuliwa. Nimemjenga kutokana na hali inayojirudia kliniki za presha, na vipimo vyake ni vya aina inayoonekana mara kwa mara kwa wagonjwa kama yeye. Nimechagua kisa chake kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo namba ya kwenye mashine ya presha haiwezi kulionyesha: hali ya utando wa ndani wa mishipa ya damu. Naamini mwanaume mwenye presha anapolalamika kupungukiwa nguvu za kiume huwa anatoa taarifa kuhusu ateri zake zote, hata zile za moyo, na taarifa hiyo hupotea pale inapopokelewa kama aibu au kama lawama kwa dawa peke yake.

Tuanze na historia. Aligundulika miaka minne iliyopita kwenye upimaji wa afya kazini, presha ikiwa 172/104. Baba yake alikuwa na presha na alifariki kwa kiharusi. Yeye anavuta sigara kumi hivi kwa siku tangu ujana. Kiuno chake ni sentimita 106. Maumivu ya kifua hana, ila akipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu hutweta, na hilo analihesabu kuwa ni umri. Katika faili la miaka minne mna namba za presha za kila ziara, na hamna hata mstari mmoja unaoonyesha kwamba aliwahi kuulizwa kuhusu tendo la ndoa. Jambo hilo lina haya pande zote mbili za meza, na foleni ikiwa ndefu huwa ndilo la kwanza kurukwa.

Swali lililofungua kisa lilihusu wakati. Tatizo lilianza kabla au baada ya kidonge cha kwanza? Alijibu haraka: baada. Akaulizwa kwa umahususi zaidi: mwaka ule kabla ya kuanza dawa, alfajiri alikuwa anaamka uume umesimama kama zamani? Hapo alinyamaza. Ziara iliyofuata alikuja na mkewe, na mkewe ndiye aliyepanga mambo sawasawa. "Baba, hili lilianza mwaka ule tulipohamia nyumba mpya. Dawa ulikuwa hujaanza hata moja." Kwa hesabu yao wenyewe, dalili ya kwanza ilitangulia kugundulika kwa presha kwa mwaka mmoja na nusu hivi.

Namna lilivyoanza nayo inasema mengi. Lilikuja polepole: kwanza uume ulisimama lakini haukudumu, kisha ukawa haukazi vya kutosha, mwisho hata ule wa alfajiri ukatoweka. Hamu ilibaki. Mwanaume ambaye tatizo lake limetokana na wasiwasi au ugomvi wa nyumbani mara nyingi husimulia mwanzo wa ghafla, tena huendelea kuamka vizuri asubuhi. Mwenye upungufu wa homoni ya kiume kwa kawaida hupoteza hamu kwanza. Huyu hakufanana na yeyote kati yao. Masimulizi yake yalifanana na ya mtu ambaye mishipa yake ya damu imepoteza uwezo wa kulegea.

Hapo ndipo utando unapoingia. Kila mshipa wa damu umefunikwa kwa ndani na safu moja tu ya seli, iitwayo endotheliamu. Kwa muda mrefu safu hiyo ilichukuliwa kuwa kifuniko kisicho na kazi kubwa zaidi ya kutenganisha damu na ukuta wa mshipa. Mwaka 1980 Robert Furchgott na John Zawadzki walionyesha vingine. Walitumia vipande vya ateri kuu ya sungura na kemikali iitwayo asetilikolini. Utando ulipokuwa mzima, kipande kililegea. Ulipokwanguliwa, kipande hakikulegea tena. Maana yake, utando ndio uliokuwa ukitoa kitu cha kuamuru msuli wa ukutani ulegee. Baadaye katika muongo huohuo kitu hicho kilitambuliwa kuwa gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo.

Gesi hii hutengenezwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za utando, kutokana na asidi amino iitwayo arginini. Damu ikienda kasi, msuguano wake juu ya seli hizo huzichochea kutoa gesi zaidi. Gesi hupenya hadi kwenye msuli laini wa ukuta, huamsha humo kemikali iitwayo GMP mviringo, msuli ukalegea, mshipa ukapanuka. Inadumu sekunde chache tu, kwa hiyo lazima itengenezwe mfululizo. Kulegeza mshipa si kazi yake pekee: huzuia chembe sahani (chembe za damu zinazoanzisha mgando) kugandana, huzuia seli nyeupe kunata ukutani, na hupunguza kukua kwa msuli wa mshipa. Utando ukiikosa, mshipa hukaza kirahisi, huwa tayari kugandisha damu, na lehemu hupata njia ya kuingia ukutani.

Uume hutegemea gesi hiyohiyo. Mishipa ya fahamu hutoa ya mwanzo, damu huanza kuingia kwa wingi, kisha msuguano wa damu hiyo huufanya utando uendelee kutoa nyingine ya kushikilia hali ile. Ukirudi kwenye maneno ya mgonjwa, kwamba mwanzoni uume ulisimama lakini haukudumu, utaona kwa nini yalistahili kuandikwa kwenye faili kama yalivyo.

Kwa wenye presha, kasoro hii imepimwa moja kwa moja. Mwaka 1990 Julio Panza na wenzake nchini Marekani waliwachukua wagonjwa 18 wa presha na watu 18 wasio na presha wa umri unaolingana, wakaingiza asetilikolini kwenye ateri ya mkono na kupima damu inayopita. Kwa wasio na presha mtiririko ulipanda hadi wastani wa mililita 20 kwa dakika kwa kila mililita 100 za nyama ya mkono. Kwa wenye presha uliishia kwenye 9 hivi. Kisha wakatumia dawa nyingine, nitroprusidi, ambayo huufikia msuli bila kupitia utando. Safari hii hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Msuli uliweza kulegea vizuri ulipoamriwa, na kasoro ilionekana kwa yule anayetoa amri. Mwaka 1993 watafiti haohao waliripoti kwamba kuishusha presha kwa dawa za kawaida hakukurudisha mwitikio wa utando kwa wagonjwa wao.

Matokeo haya ya pili ndiyo kiini cha kisa chetu. Kwa mizani ya faili, 134/82 ilikuwa mafanikio. Na kweli yalikuwa mafanikio, kwa sababu kushusha presha huzuia kiharusi na moyo kushindwa kazi, na hakuna anayepaswa kulidharau hilo. Lakini kushuka kwa namba hakuthibitishi kwamba utando umepona. Sababu mojawapo ni kwamba vinavyouchosha utando si msukumo wa damu pekee. Homoni ya anjiotensini ya pili huamsha kwenye ukuta wa mshipa vimeng'enya vinavyozalisha supaoksidi, aina haribifu ya oksijeni, na supaoksidi huimeza oksidi ya nitriki kabla haijafika kwenye msuli. Moshi wa sigara, kolesteroli mbaya, sukari iliyopanda na mafuta ya tumboni hufanya kazi upande huohuo. Unaweza kuishusha presha kwa kupunguza mapigo ya moyo na maji ya mwilini, na kuviacha hivi vyote vikiendelea.

Kuna la ziada linaloeleza kwa nini dalili ilitangulia ugonjwa. Stefano Taddei na wenzake, nchini Italia, walionyesha miaka ya 1990 kwamba watu wenye presha ya kawaida lakini wenye wazazi wa presha tayari wana upungufu katika njia hii ya oksidi ya nitriki. Hivyo kwa mtoto wa mtu aliyefariki kwa kiharusi kilichoandamana na presha, si ajabu utando kulegalega miaka kadhaa kabla mashine haijaonyesha chochote. Na uume unaweza kuwa wa kwanza kulipia, kwa sababu ateri zake zina kipenyo cha milimita moja hadi mbili, wakati zile za moyo zina tatu hadi nne. Kiwango kilekile cha ugonjwa hugusa mshipa mwembamba mapema. Kwa wanaume wanaokuja kuugua ateri za moyo, tatizo la nguvu za kiume mara nyingi hutangulia kwa miaka miwili hadi mitano.

Je, basi dawa hazikuwa na hatia? Hapa nataka kuwa mwangalifu, maana ni rahisi kumpuuza mgonjwa kwa kumwonyesha kwamba alikosea tarehe. Thiazidi zina rekodi. Katika jaribio moja kubwa la Marekani lililotolewa mwaka 1997, baada ya miezi 24 wanaume 17 hivi kati ya 100 waliokuwa kwenye dawa ya kundi hilo walikuwa wameripoti tatizo, dhidi ya 8 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kufika miezi 48 tofauti ilikuwa karibu imetoweka, kwa kuwa wale wasio na dawa nao walikuwa wameongezeka. Mimi huisoma picha hiyo hivi: dawa inaweza kuliharakisha tatizo ambalo ugonjwa wenyewe unalileta.

Kuhusu atenololi kuna utafiti wa Italia wa mwaka 2003 ambao kila mtoa dawa angeukumbuka. Wanaume 96 walianzishiwa atenololi. Waliokuwa hawajui wamepewa dawa gani, walioripoti tatizo walikuwa 3 hivi kati ya 100. Walioambiwa jina la dawa, karibu 16. Walioambiwa jina na kwamba inaweza kuleta tatizo hilo, 31. Walioathirika walipopewa baadaye sildenafili (kidonge cha kusaidia uume kusimama) au kidonge kitupu, vyote viwili viliwasaidia karibu kwa usawa. Hofu ina nguvu ya kweli mwilini. Huyu mgonjwa alikuwa ameshasikia kwa watu kwamba vidonge vya presha "vinaua mwanaume" kabla hajameza cha kwanza. Sidhani kulikuwa na sababu moja. Utando ulianza, hofu ikaongeza, na inawezekana vidonge vikachangia pia.

Vipimo vilivyofuata vilichaguliwa kutokana na wazo hili la utando. Sukari kabla ya kula ilikuwa milimoli 6.3 kwa lita, imepanda bila kufika kwenye kisukari. Kolesteroli mbaya, LDL, ilikuwa 3.9 kwa kipimo hichohicho. Homoni ya kiume ya asubuhi ilikuwa ya kawaida. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha ishara za ukuta wa kushoto wa moyo kunenepa. Kilichonishika zaidi ni mkojo: albumini, aina ya protini, miligramu 58 kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), wakati kikomo cha kawaida ni 30. Kreatinini ya damu ilikuwa sawa, kwa hiyo figo zilikuwa bado zinachuja vizuri, lakini zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Sehemu ya kichujio cha figo ni utando uleule, kwenye mishipa midogo kuliko yote. Malalamiko ya chumbani na protini kwenye mkojo vilikuwa ripoti mbili za tatizo moja.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini utando wenyewe haukupimwa. Njia ipo, na haihitaji sindano. Tangu mwaka 1992, kazi ya David Celermajer na wenzake ilipotoka, watafiti hufunga mkono kwa kitambaa cha presha kwa dakika chache, kwa kawaida tano, hukiachia ghafla, kisha hutazama kwa altrasaundi ateri ya mkono inapanuka kiasi gani damu inapoingia kwa kasi. Ni kipimo kizuri cha utafiti. Mwaka 2002 timu ya Modena, Italia, ilikitumia kwa wanawake 400 wenye presha waliokwisha kukoma hedhi: wale ambao upanukaji wao haukuboreka baada ya miezi sita ya matibabu walipata matatizo ya moyo na mishipa zaidi ya wale ulioboreka, ingawa presha ilishuka kwa kiasi kinachofanana. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, hata hivyo, matokeo hubadilika kwa mkono wa mpimaji, joto la chumba, chakula na sigara ya asubuhi ile, na hakuna namba inayokubalika ya kuanzia au kubadilishia dawa. Kwa huyu kisingebadilisha uamuzi wowote. Mwili wake ulikuwa umeshautoa ushahidi.

Jambo la haraka lilikuwa moyo. Mwanaume mwenye presha, mvutaji, anayetweta kwenye ngazi na ambaye ana tatizo la nguvu za kiume, anahesabiwa kuwa mgonjwa wa moyo mpaka ithibitishwe vingine. Tena aliacha atenololi ghafla, kitendo kinachoweza kuamsha maumivu ya moyo au hata shambulio kwa mwenye ateri zilizoziba bila kujua. Presha ilipotulia alifanyiwa kipimo cha ECG akitembea kwenye mashine. Alimaliza bila maumivu na bila mabadiliko. Hilo halisemi ateri zake ni safi, linasema hazijaziba kwa kiwango cha kuunyima moyo damu anapofanya kazi, na kwa hiyo tendo la ndoa halikuwa hatari kwake.

Dawa zilibadilishwa. Badala ya atenololi na thiazidi aliwekwa kwenye losatani, inayozuia kazi ya anjiotensini ya pili, na amlodipini, inayolegeza mishipa. Sababu kuu ya losatani ilikuwa albumini ya mkojo, na kwa hilo ushahidi ni imara. Ya pili ilikuwa utando. Mwaka 2000 Ernesto Schiffrin na wenzake nchini Kanada walichukua vipande vidogo vya nyama ya makalio ya wagonjwa kabla na baada ya mwaka mmoja wa matibabu. Ateri ndogo za waliotumia losatani zilirejea karibu na hali ya kawaida kwa umbo na kwa mwitikio wa utando, lakini za waliotumia atenololi hazikubadilika, ingawa presha ilishuka sawasawa. Walikuwa wagonjwa wachache, wala hakuna aliyewapima nguvu za kiume, kwa hiyo hakuahidiwa kwamba losatani itamrudishia. Aliongezewa pia statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kwa ajili ya LDL na moyo.

Sehemu iliyochukua muda mrefu wa mazungumzo haikuwa vidonge. Huko Hiroshima, Yukihito Higashi na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba wiki 12 za kutembea kwa kasi, nusu saa kwa siku, siku tano hadi saba kwa wiki, ziliongeza mwitikio wa utando kwa watu wenye presha. Mwaka 2004, utafiti mwingine wa Italia uliwafuata kwa miaka miwili wanaume 110 wanene wenye tatizo la nguvu za kiume. Waliosaidiwa kwa karibu kupunguza uzito na kufanya mazoezi, karibu theluthi moja yao walirudi katika hali ya kawaida. Wanaume wale hawakuwa na presha wala kisukari, na mgonjwa aliambiwa hivyo, kwa kuwa kumpa matumaini yaliyokopwa kwa watu wenye afya kuliko yeye kungemrudisha kwenye kuacha dawa. Aliuliza kuhusu vidonge vya vitamini C alivyouziwa. Ni kweli vitamini C ikiingizwa moja kwa moja kwenye ateri kwa wingi huamsha utando wa wenye presha kwa muda mfupi. Vidonge vya kumeza kwa miaka, katika jaribio la maelfu ya madaktari wanaume wa Marekani lililoripotiwa mwaka 2008, havikupunguza mashambulio ya moyo wala viharusi. Alishauriwa aache kuvinunua.

Sildenafili alipewa, miligramu 50, baada ya kuhakikisha hatumii dawa yoyote ya nitreti, zile za maumivu ya moyo za kuweka chini ya ulimi au za kumeza. Mchanganyiko huo unaweza kuangusha presha hadi kuua, na mkewe aliambiwa pia: akiumwa kifua ndani ya saa 24 baada ya kidonge, wahudumu waelezwe kabla hawajampa kitu. Dawa hii haitengenezi oksidi ya nitriki. Inazuia tu kuvunjwa kwa GMP mviringo ambayo gesi hiyo imekwisha kuizalisha. Utando na mishipa ya fahamu visipotoa chochote, kidonge kinakosa cha kulinda, na ndiyo sababu baadhi ya wanaume wanarudi wakisema hakikufanya kazi. Kwake kilifanya kazi, ishara njema kwamba uwezo ulikuwa umepungua bila kwisha.

Baada ya miezi saba presha ni 126/78, albumini imeshuka hadi 31, LDL ni 1.9, na uzito umepungua kilo sita. Alfajiri nyingine anaamka kama zamani. Kidonge anakihitaji nusu ya nyakati hivi. Yeye anasema dawa za awali zilikuwa sumu na mpya zimemtoa sumu hiyo. Sikubaliani naye, ila pia siwezi kumthibitishia vinginevyo, kwa sababu dawa, statini, matembezi, sigara na hofu vilibadilika katika msimu mmoja na hakuna njia ya kutenganisha mchango wa kila kimoja. Nilichoshikilia ni ahadi kwamba hataacha kidonge chochote kabla ya kupiga simu. Sigara zimebaki mbili, zote za jioni, na ndizo zitakazozungumzwa kwanza atakaporudi. Mtoto wake wa kiume wa kwanza ana miaka 27, anavuta pia, na hajawahi kupimwa presha. Ameombwa waje pamoja.